Jiwe Moja Gumu kwa Kisu cha Kukunja

Anayenunua kisu cha kukunja cha jadi, chenye mpini wa mti, mfupa au pembe ya mnyama na bapa linalolala ndani ya mpini, hununua chombo kinachoweza kumtumikia yeye na kurithiwa na wanawe. Lakini hakuna kisu kisichobutuka. Siku kinapoanza kuponda ngozi ya nyanya badala ya kuikata, mwenye kisu hujikuta dukani mbele ya mawe ya kila rangi na kila bei: ya kijivu yenye nyuso mbili, ya kahawia, meupe kutoka Japani, mabati yaliyogandishwa almasi, vijiti vya keramiki. Kila jiwe lina namba yake, na kila muuzaji ana sababu ya kulisifu. Wengi hutoka na mawe matatu au manne wasiyoyahitaji. Wengine hutoka na moja bovu lililowavutia kwa bei. Ninachotetea hapa ni kwamba kwa kisu cha aina hii uamuzi ni mwepesi kuliko soko linavyotaka tuamini. Jiwe moja gumu, lililonyooka, lenye chembe za wastani, likifuatiwa na kipande cha ngozi, linatosha kwa karibu kazi yote. Sababu zake tutazipata tukikichunguza kisu chenyewe kabla ya kuyachunguza mawe.

Tuanze na chuma. Visu vya kukunja vya jadi vimelelewa na miji ya wafua visu: Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani, Thiers ya Ufaransa, na miji midogo ya jimbo la Pennsylvania, Marekani. Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Kampuni ya Case ya Pennsylvania inahesabu umri wake tangu 1889. Okapi, kisu kinachojulikana katika sehemu nyingi za Afrika, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani humu, na baadaye utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini. Visu hivi havifanani kwa sura, lakini vyuma vyake ni ndugu. Opinel ya chuma cha kaboni ina kaboni karibu asilimia 0.9, chuma kiitwacho 1095, kinachotumika kwenye visu vingi vya jadi vya Marekani, kina karibu asilimia 0.95, na hakuna kingine kikubwa ndani yake zaidi ya chuma chenyewe na manganizi kidogo. Hata vile visivyoshika kutu, kama vile vya Victorinox au Opinel ya chuma cha Sweden kiitwacho 12C27, vimeongezewa kromi bila kupandishiwa kaboni sana. Vyote hivi huchomwa na kupozwa hadi ugumu wa takriban 55 hadi 60 kwenye kipimo cha Rockwell C.

Umuhimu wa habari hizi unaonekana tukitazama kinacholisumbua jiwe la kunolea. Ndani ya chuma kuna vipunje vidogo vigumu viitwavyo kabaidi, vinavyotokana na kaboni kuungana na madini mengine. Katika chuma cha kaboni cha kawaida kabaidi hizo ni za chuma chenyewe, na jiwe lolote zuri la kutengenezwa kiwandani linazikata bila taabu. Katika vyuma visivyoshika kutu zipo kabaidi za kromi, ngumu zaidi, lakini katika 12C27 ni ndogo mno na ni chache. Matatizo makubwa huanza kwenye vyuma vya kisasa kama S30V, kilichotoka mwaka 2001 kikiwa na vanadi asilimia 4, kwa kuwa kabaidi za vanadi ni ngumu kuliko oksaidi ya alumini, kiini cha mawe mengi ya dukani. Jiwe la kawaida juu ya chuma cha namna hiyo hukata chuma laini kilichozunguka vipunje na kuviacha vipunje vyenyewe. Mwenye kisu hicho ana haki ya kununua almasi. Mwenye Opinel, Okapi au Case ya jadi hana tatizo hilo, na akinunua dawa yake atakuwa ametibu ugonjwa wa jirani.

Jambo la pili ni umbo. Bapa la kisu cha kukunja cha jadi ni fupi na jembamba. Mengi yana upana wa milimita 10 hadi 18 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na bapa dogo la pili linaweza kupungua hapo. Upana huo ndio unaotawala kazi ya kunoa kwa mkono mtupu, na hesabu yake ni rahisi. Bapa lenye upana wa milimita 12 likinolewa kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande, mgongo wake unapaswa kuinuka kutoka kwenye jiwe kwa milimita 3 na kitu kidogo tu. Mkono ukitetereka na kuuinua mgongo kwa milimita 1 zaidi, pembe inaruka hadi karibu nyuzi 20. Chukua sasa kisu cha jikoni chenye upana wa milimita 45: kwa nyuzi zilezile 15 mgongo huinuka karibu milimita 12, na kosa lilelile la milimita 1 linaibadilisha pembe kwa nyuzi 1 na robo hivi. Kwa maneno mengine, mtetemeko mmoja wa mkono unakiumiza kisu cha mfukoni takriban mara nne ya unavyokiumiza kisu cha jikoni. Ushauri mwingi kuhusu mawe umeandikwa na watu wa visu vya jikoni, na ndiyo maana haufai kuhamishwa kama ulivyo.

Kutokana na mambo hayo mawili tunaweza kuorodhesha sifa za jiwe tunalolitafuta, na namba ya chembe haitakuwa ya kwanza. Ya kwanza ni ugumu wa jiwe lenyewe, yaani jinsi chembe zake zilivyoshikana. Bapa fupi lenye ncha kali hugusa eneo dogo la jiwe, kwa hiyo msukumo wote wa mkono hukusanyika mahali padogo. Jiwe laini huchimbika hapo, hasa unaposukuma makali yakitangulia mbele, na likichimbika pembe yako imepotea bila wewe kujua. Ya pili ni unyoofu wa uso, kwa sababu ileile. Ya tatu ni mkono kuweza kusikia: jiwe gumu lisilotoa tope jingi hukuambia kwa mguso na kwa sauti ikiwa makali yamelala sawasawa au yamepanda juu ya pembe, na kwenye kisu kisichosamehe milimita moja, taarifa hiyo ni sehemu kubwa ya ustadi wenyewe. Ya nne ni ukubwa. Jiwe la sentimita 15 kwa 5 linalitosha bapa la sentimita 7 au 8 kwa raha. La sentimita 20 halidhuru kitu ila bei yake, na lile dogo la sentimita 10 hufaa safarini tu. Baada ya haya manne ndipo tuulize chembe zake ni kubwa kiasi gani na zimetokana na kitu gani.

Kwa mizani hiyo, jiwe ninalolipendekeza kwanza ni la oksaidi ya alumini lililoshikana vizuri, la chembe laini kiasi. Mfano wake unaojulikana zaidi ni jiwe la kahawia liitwalo India, linalotengenezwa na kampuni ya Norton ya Marekani, ambalo hujazwa mafuta kiwandani na kuuzwa kwa daraja tatu. Daraja yake laini iko kwenye namba 320 hivi. Jiwe hili huchakaa polepole sana, halichimbiki kirahisi, na linakata chuma cha kaboni na chuma cha kawaida kisichoshika kutu bila kubagua. Si lazima liwe la kampuni hiyo. Jiwe la nyuso mbili la oksaidi ya alumini kutoka duka la vifaa vya ujenzi linaweza kufanya kazi ileile endapo utalikagua kabla ya kulipa. Weka rula juu ya uso wake, uuelekeze kwenye mwanga; mwanga ukipenya katikati, jiwe limebonyea kabla halijatumika. Lilowanishe kwa maji kidogo na ulisugue kwa kidole gumba. Maji yakigeuka tope papo hapo na chembe zikabaki kidoleni, chembe hizo hazikushikana na jiwe hilo litaliwa na kisu. Tazama kama kuna chembe moja moja kubwa kuliko nyingine, kwa maana moja tu ya namna hiyo huchora mstari kwenye makali kila unapopita. Jiwe la bei nafuu likifaulu majaribio haya matatu lichukue bila wasiwasi.

Ndugu wa karibu wa jiwe hilo ni lile la kijivu kilichokoza, la kabaidi ya silikoni. Edward Goodrich Acheson aliipata kabaidi hiyo Marekani mwaka 1891 kwa kuchoma udongo na makaa ya koki katika tanuri la umeme, na tangu hapo wanoaji hawakutegemea tena mawe yachimbwayo ardhini peke yake. Chembe zake ni kali na ngumu kuliko oksaidi ya alumini, hukata haraka, lakini kwa kawaida hung'oka upesi zaidi, na uso wa jiwe hubonyea. Sifa hizo zinalifanya liwe jiwe zuri la matengenezo: kisu kilichopata pengo, ncha iliyovunjika, makali yaliyonenepa kwa miaka ya kunolewa vibaya. Ukiwa na fedha za mawe mawili, la pili liwe hili, la chembe kubwa, na likae kabatini hadi liitwe na kazi. Kosa la wengi ni kuanza nalo kila wanaponoa. Bapa la milimita 12 halina chuma cha kupoteza. Kisu kinachopelekwa kwenye jiwe la kukwaruza kila wiki kitabaki ukucha kabla mwenyewe hajazeeka.

Hapa nakutana na pingamizi la kwanza, la wanaosema kwamba mawe ya asili ndiyo stahiki ya visu vya jadi. Ni kweli kwamba mawe hayo yana heshima yake. Jiwe la Arkansas, linalochimbwa katika milima ya Ouachita karibu na Hot Springs, ni silika karibu tupu, na lilikuwa mwenzi wa visu hivi muda mrefu kabla ya tanuri la Acheson. Lina funzo moja la thamani pia: daraja zake, kuanzia laini hadi lile gumu linalopitisha mwanga, hutofautishwa kwa uzito wa jiwe kulingana na ukubwa wake, kwa kuwa fuwele zake ni ndogo katika daraja zote, kinachobadilika ni jinsi zilivyobanana. Hilo ni ushahidi kwamba ukubwa wa chembe peke yake hautuambii jiwe litafanya nini. Hata hivyo silika ni laini kuliko oksaidi ya alumini, na ni laini kuliko kabaidi za kromi. Juu ya chuma cha kaboni jiwe la Arkansas hukata polepole na kuacha makali mazuri sana. Juu ya chuma kisichoshika kutu husuasua. Kwa mwenye Opinel ya kaboni ni jiwe la pili linalostahili kupendwa. Kulifanya la kwanza ni kumtaka anayejifunza asugue muda mrefu bila kuona matokeo, na mkono uliochoka ndio unaopoteza pembe.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa mawe ya maji ya Japani. Wanasema, na wanasema kweli, kwamba mawe hayo hukata haraka kwa sababu chembe zilizochoka huachia na kuzipisha mpya, na kwamba kisu cha jikoni kilichopita juu ya jiwe la 1000 kisha la 6000 hukata samaki kama vile hakuna kitu mbele yake. Kasi hiyo ina gharama yake. Jiwe linaloachia chembe ni jiwe linalobonyea, na ni lazima lisawazishwe mara kwa mara kwa jiwe jingine au kwa bati la almasi, ambalo nalo linanunuliwa. Kisu kipana cha jikoni husambaza uzito juu ya eneo kubwa na hutembea jiwe zima. Ncha ya kisu cha kukunja huchimba shimo. Isitoshe, maji yenye tope huingia kwenye bawaba na kwenye nafasi ya mpini ambako bapa hulala. Kwenye chuma cha kaboni maji hayo ni kutu ya kesho, na tope ni msasa unaokula bawaba kila unapokifungua kisu. Aliye na jiwe la maji nyumbani tayari, gumu kiasi, la namba 1000, alitumie tu: avute makali nyuma badala ya kuyasukuma mbele anapofika kwenye ncha, kisha akikaushe kisu na kutia tone la mafuta kwenye bawaba. Ambaye hajanunua hana haja ya kuanza safari hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwa nini usinunue almasi na kumaliza mjadala? Bati la almasi halibonyei, halihitaji mafuta, linakata chuma chochote, na bei yake imeshuka. Nakubali yote hayo, na kwa mwenye visu mchanganyiko, vya jadi na vya kisasa, almasi huenda ndiyo busara. Lakini kwa kisu kinachozungumzwa hapa faida kuu ya almasi, yaani kuukata ugumu ambao mawe mengine hayauwezi, haina kazi ya kufanya. Kinachobaki ni kasi, na kasi juu ya bapa jembamba ni upanga wenye makali mawili: pembe ikikosewa, kosa linachongwa ndani ya chuma kabla mkono haujatambua. Bati jipya huacha mikwaruzo yenye kina kirefu kuliko namba yake inavyoahidi, na hutulia baada ya kutumika kwa muda. Zaidi ya hayo, almasi zimeshikiliwa kwa utando mwembamba wa nikeli. Anayejifunza hugandamiza kwa nguvu, na kugandamiza kwa nguvu ndiko kunakozing'oa. Jiwe la India humvumilia mwanafunzi mwenye mkono mzito. Almasi humwadhibu, na ni bati linalolipia adhabu hiyo.

Kuhusu namba, tahadhari moja inatosha kuokoa fedha nyingi. Watu hulinganisha jiwe la 1000 la kampuni moja na la 1000 la kampuni nyingine kana kwamba namba ni kipimo kimoja duniani. Sivyo. Kwa kipimo cha Ulaya kinachotumika kwa msasa wa karatasi, namba 1000 ni chembe za takriban mikroni 18. Kwa kipimo cha Ulaya cha mawe ya kunolea na kusagia, namba hiyohiyo ni chini ya mikroni 5. Na kwa kipimo cha Japani ni kati ya mikroni 11 na 15 hivi, kutegemea toleo la kipimo lililofuatwa. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni karibu mara nne. Juu ya hapo kuna umbo la chembe, jinsi zilivyoshikana, na mafuta au maji yaliyotumika. Kwa hiyo anayekuambia kwamba jiwe lako la 320 ni la kukwaruza tu kwa kuwa la rafiki yake ni la 3000 analinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa mizani moja. Jiwe la India laini, likitumiwa kwa mkono mwepesi mwishoni, huacha makali ya kukata karatasi ya gazeti bila kuichana.

Lakini je, makali hayatakuwa bora zaidi ukiendelea na mawe laini mpaka chuma king'ae kama kioo? Jibu linategemea neno bora linapimwa kwa kazi gani. Kisu cha mfukoni hukata kamba ya katani, boksi, ganda la chungwa, nyama iliyochomwa, utepe wa gunia, kijiti cha kuchonga. Sehemu kubwa ya kazi hizi hufanywa kwa kuvuta makali juu ya kitu, na makali yenye meno madogo yasiyoonekana kwa macho, yale yanayoachwa na jiwe la wastani, hushika nyuzi za katani na ngozi ya nyanya, wakati makali yaliyong'arishwa sana huweza kuteleza juu yake. Anayechonga mti ana sababu ya kutaka makali laini zaidi, kwa sababu yeye husukuma na anataka uso wa mti ubaki safi. Huyo aongeze jiwe moja: Arkansas gumu au kijiti cha keramiki cheupe. Wengine wote watapata faida kubwa zaidi kwa shilingi chache za ngozi. Kipande cha mkanda wa zamani, upande wake usiong'arishwa, kikigandishwa kwenye ubao, kitatoa kile kimkunjo chembamba cha chuma kinachobaki ukingoni baada ya jiwe, na ndicho kinachofanya kisu kionekane kikali leo na butu kesho.

Wapo pia wanaouliza kwa nini wajisumbue, ilhali fundi wa kunoa anapita mtaani na baiskeli yake yenye gurudumu la kusagia. Kwa panga, jembe na visu vya buchani fundi huyo anafanya kazi ya maana, na sina neno juu yake. Tatizo ni gurudumu likikutana na bapa la unene wa milimita 2. Chuma cha kaboni baada ya kupozwa hupashwa tena moto wa nyuzijoto 200 na kitu ili kisivunjike. Joto likipita hapo ugumu unaanza kupungua, na rangi ya samawati inapotokea ukingoni, karibu nyuzijoto 300, sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isagwe yote. Ukingo mwembamba hufika huko kwa kufumba na kufumbua, wakati vidole vilivyoshika mpini havijasikia hata vuguvugu. Vile vifaa vya kuburuta kisu katikati ya meno mawili ya chuma kigumu navyo haviunguzi, lakini huchana ukingo badala ya kuunoa, na haviwezi kufika kwenye shina la bapa karibu na mpini. Mitambo ya kubana kisu na kukipa pembe maalumu ni mizuri kwa mabapa mapana; kwa bapa la milimita 10 mara nyingi kibanio chenyewe humzuia mnoaji kushuka kwenye pembe anayoitaka.

Sifichi kwamba jiwe gumu la wastani linadai kitu kutoka kwa mtu: pembe isiyoyumba. Namna ya kuijenga ni ya wazi. Paka ukingo wa makali kwa wino wa kalamu nene, pitisha kisu mara moja, kisha tazama wino umetoka wapi. Ukitoka kwenye ukingo wenyewe, pembe ni sahihi; ukitoka juu karibu na mgongo, umelala mno; ukibaki katikati na kutoka nchani peke yake, umeinua mkono ulipofika mwisho. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa ncha ya kidole kile kimkunjo kikitokeza upande wa pili, kuanzia shina hadi ncha, ndipo ugeuze. Baada ya kukipata pande zote mbili, badilisha upande kila pigo na kupunguza uzito wa mkono mpaka uwe uzito wa kisu peke yake. Shina la bapa lipitishe kwenye ukingo wa jiwe ili mpini usiligonge. Visu vingi vya jadi havina kufuli, kwa hiyo vidole vikae mbali na njia ya makali. Kwenye Opinel yenye pete, zungusha pete kwanza. Kinolewacho hupata, walisema wazee, nami naongeza kwamba hupata upesi zaidi pale jiwe lisipobadilika kila wiki, kwa kuwa mkono hujifunza jiwe kama unavyojifunza kisu.

Jiwe nalo litunzwe. Jiwe la India au la Arkansas lipewe mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa kabisa, na kazi yake ni kubeba vumbi la chuma lisizibe vitundu. Mafuta ya kupikia yasiguswe, kwa maana hukauka yakawa gundi na jiwe likaacha kukata. Lililozibwa namna hiyo halijafa: lisugue kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, mbali na moto, kisha lifute. Tumia uso wote wa jiwe pamoja na pembe zake, uligeuze mara kwa mara, na likionyesha kubonyea lisawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka. Lifunike lisikusanye mchanga. Jiwe gumu likitunzwa hivi linaweza kunoa visu vya nyumba nzima kwa miaka mingi, na gharama yake ikigawanywa kwa miaka hiyo inakuwa ndogo kuliko ya kumlipa mtu kila mwezi.

Na asiye na uwezo wa kununua hata hilo moja asikate tamaa, kwa sababu hoja ileile ya chuma chepesi kunoleka inamtetea yeye kwanza. Pete ya chini ya kikombe cha udongo mweupe, pale ambapo hapakupakwa rangi ya kung'aa, hunoa Opinel au Okapi vizuri. Msasa wa namba 400 uliobandikwa juu ya kipande cha kigae hufanya vivyo hivyo. Kama chuma cha visu hivi hukubali kikombe, basi anayekushawishi kwamba hakitakubali chochote chini ya mawe matano anauza mawe. Nunua moja gumu, lililonyooka, uliloligusa kwa kidole na kulipima kwa rula. Libane mezani lisiteleze, na unoe kisu kilekile juu yake mpaka makali yakate karatasi kutoka shina hadi ncha bila kukwama. Likishindwa kufanya hivyo baada ya mkono wako kutulia, utakuwa na sababu ya kurudi dukani, na utajua unachokwenda kutafuta.